Gari la Atieno na Kona ya Mtaro

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeutazama mji wa Kisumu nikiwa chini ya gari. Kuna wateja ninaowatambua kwa viatu vyao kabla sijaona sura. Mwezi uliopita nilivua ovaroli kwa mara ya mwisho katika karakana yetu kwenye barabara ya kwenda Mamboleo, na ninyi mnaobaki kwenye kitengo cha springi na magurudumu mkaniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi hii. Nilipandishwa cheo lini sitawaambia, maana habari hiyo haimsaidii mtu ambaye gari linamvuta upande. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na mambo ya gari la Atieno. Wengi wenu mlilisikia likinguruma nyuma ya karakana, lakini hamkujua lilitutoa jasho kiasi gani.

Nilitoka Maragoli nikiwa kijana, Kiluo changu kikiwa cha kuombea maji tu. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Okelo, aliyekuwa akiongoza kitengo hiki wakati huo. Alikuwa mrefu, mpole, na alivaa kofia ya sufu hata siku ambazo lami ilikuwa inayeyuka. Hakunipa spana. Alinipeleka kwenye pikapu moja, akashika mkono wangu na kupitisha kiganja changu juu ya tairi la mbele, kutoka ukingo wa nje kwenda wa ndani. Kwenda kulikuwa laini. Kurudi, mpira ulinikwaruza kama msumeno. Akanieleza kwamba magurudumu ya mbele yalikuwa yamegeuka ndani, kama mtu anayetembea vidole vya miguu vikitazamana, na kwamba tairi lilikuwa limeshayasema hayo yote kabla ya mashine yoyote kuwashwa. Asubuhi hiyo nzima nilizunguka yadi nikipapasa matairi ya watu. Mteja mmoja aliuliza kama mimi ni mzima.

Mzee Okelo alikuwa na desturi zake, na kila moja ilikuwa na sababu. Upepo wa tairi ulipimwa gari likiwa limepoa, kwa sababu tairi lenye joto linadanganya. Kitu kilibadilishwa kimoja, kisha gari likajaribiwa, ndipo cha pili kikaguswa. Mwenye gari aliulizwa kwanza, hata kama alikuwa wa kusema sana, na Kisumu hatuna upungufu wa hao. Geji yake ya upepo hakuna aliyeruhusiwa kuiangusha. Mimi niliiangusha mara moja. Hakunigombeza, ila alinituma niipeleke kulinganishwa na geji za watu wengine mjini, kwa miguu, na niliporudi nilikuwa nimeelewa kwamba geji iliyoanguka haiaminiki mpaka ilinganishwe.

Kesi ngumu ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa pikapu ya samaki ya mama mmoja wa Sondu. Ilikuwa inalalia kushoto. Tulishabadilisha springi za upande huo, ikanyooka, na baada ya muda si mrefu ikarudi imelala vilevile. Nilipima kila kilichoweza kupimwa. Mwishowe nikamwomba yule mama anipakie hadi sokoni nione siku yake inavyokwenda. Sanduku la barafu lilikaa kushoto kila siku, kwa sababu kule sokoni alizoea kufungulia mlango wa kulia na kuacha upande huo wazi wa kutolea samaki. Gari halikuwa na ugonjwa wowote. Tulihamisha sanduku katikati, tukamtengenezea mlango wa nyuma, na mpaka leo pikapu hiyo inasimama wima kuliko mimi. Nilipomsimulia Mzee Okelo, alinipa mkono. Baadaye alistaafu akarudi kwao Sondu, na kitengo kikawa changu.

Sasa nifike kwa Atieno.

Atieno ana duka la spea mkabala na lango letu. Alijifunza kuendesha akiwa msichana, kwa trekta la babake la kubebea miwa upande wa Awasi, na watoto wake wote sasa ni watu wazima. Mumewe, Ouma, ni fundi wa kuchomelea, na kibanda chake kiko nyuma ya duka. Mteja mmoja alipohamia ng'ambo alimwachia Atieno masanduku yenye gari ambalo hakuwahi kuliunganisha. Ndani mlikuwa na fremu ya mabomba, bodi ya faiba, usukani, springi, shokabsoba na kitabu cha maelezo. Injini, giaboksi na ekseli mjengaji alitakiwa kujitafutia. Wao walizitoa kwenye gari dogo la saluni lililokuwa limegongwa ubavuni. Jioni baada ya jioni mke na mume walijenga, yeye akitafuta vipuri, Ouma akichomelea. Lilipomalizika lilikuwa na viti viwili, halina paa, na lilikuwa jepesi hivi kwamba watu wachache wenye nguvu wangeinua mkia wake. Ouma aliongeza kizimba cha mabomba mazito juu ya viti. Wenzake walimcheka kwamba anamjengea mkewe banda la kuku.

Atieno alilitaka gari hilo kwa ajili ya autokrosi. Kwa wasioijua, ni mbio za uwanjani. Magari hayashindani bega kwa bega. Kila moja linakimbia peke yake dhidi ya saa, kwenye njia ya vumbi yenye kona nyingi, na kona zinawekewa alama ya matairi kuukuu. Mbio zake za kwanza zilikuwa katika shamba la miwa lililovunwa karibu na Awasi. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nyumbani Maragoli kwenye harusi ya binti wa dada yangu.

Nilichosimuliwa ni hiki. Gari lilikuwa linaruka kwenye mabonde kama panzi, na usukani ulikuwa unampiga mikono. Dereva mmoja mzoefu, kwa nia njema kabisa, alimshauri atoe upepo mwingi kwenye matairi ili gari lilainike. Akatoa. Mzunguko uliofuata ulikuwa laini zaidi, na yeye akakanyaga zaidi. Kwenye kona ya kushoto iliyo kando ya mtaro wa maji, tairi la nyuma la kulia lilichomoka kwenye rimu. Rimu tupu ikachimba udongo, na gari likapinduka. Banda la kuku lilifanya kazi yake. Atieno alitoka akiwa hai, amevunjika mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega.

Gari lililetwa kwetu juu ya lori. Atieno alikuwa amefungwa mkono shingoni, na jambo lake lilikuwa moja tu: linyooshwe. Ouma alingoja mpaka mkewe aliporudi dukani. Kisha akanivuta kando.

"Mzee Zakayo," aliniambia, "mimi siogopi chuma. Naogopa kitu ambacho hakielezeki. Nieleze kwa nini lilipinduka, na nitalichomelea mimi mwenyewe. Ukishindwa, nitalikata vipande, hata kama mama watoto hatanisemesha tena."

Niliona ni neno la haki. Nikaomba gari lisioshwe.

Tairi lililochomoka halikuwa limetoboka wala kuchanika. Lakini ubavuni, mahali penye maandishi ya kiwanda, herufi zilikuwa zimesagwa kabisa. Maana yake lilikuwa limelala kwenye kona mpaka likawa linatembelea ubavu badala ya uso wake. Hilo lilinieleza upepo ulikuwa umepungua mno. Lakini sikuridhika, kwa sababu nilitaka kujua ni nini kilichofanya watu wakatoa upepo. Kwa hiyo nikamwomba Ouma akae juu ya mkia wa gari. Ouma ana mwili wa kutosha. Gari halikushuka hata kidogo.

Hapo tulipata jibu letu. Springi zilizokuja kwenye masanduku zilitengenezwa kwa ajili ya lami tambarare, na zilikuwa ngumu kama mawe. Kwenye shamba la miwa hazikuwa zinabonyea, kwa hiyo gari liliruka. Walipotoa upepo, tairi likaanza kufanya kazi ya springi juu ya kazi yake, na kwenye kona moja ya haraka likashindwa. Nilimwonyesha Ouma kwa mguu. Nilikanyaga springi, ikakataa, nikasukuma ubavu wa lile tairi tupu, likakunjika. Nilimwambia kwamba tukiweka springi inayokubali kubonyea, tutaweza kurudisha upepo, na tairi lenye upepo wake halichomoki hovyo.

Aliinama akalitazama tairi. Akauliza maswali mawili matatu, yote ya maana. Kisha akaenda kuchukua barakoa yake ya kuchomelea.

Nilimpigia simu Mzee Okelo huko Sondu kumweleza tulichokuwa tumepanga. Alisikiliza, akaniuliza swali moja tu: hilo gari linabeba nani? Nikamjibu ni Atieno. Akasema basi pima ukiwa naye ndani, maana kwa gari jepesi hivyo dereva ni mzigo mkubwa, na anakaa upande mmoja. Nilikumbuka sanduku la barafu na nikajisikia mjinga kidogo kwamba ilibidi nikumbushwe.

Kupima uzito wa kila gurudumu kuna mashine zake, na karakana yetu haikuwa nayo. Tulienda Mamboleo kwa wauzaji wa mahindi tukaazima mizani mbili za kupimia magunia. Tuliziweka chini ya magurudumu ya mbele, na nyuma tukaweka mbao za kimo kilekile ili gari likae sawa, kisha tukageuza. Atieno alikaa kwenye kiti na helmeti yake. Mama mwenye mizani alikuja mwenyewe kuzilinda, akauliza kama tunamuuza Atieno pamoja na gari au kila mmoja kivyake. Tulicheka mpaka ilibidi kupima upya. Ilionekana kwamba gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia yalikuwa yamebeba uzito zaidi kuliko mengine, kama kiti chenye mguu mmoja mrefu. Kwa hiyo kona za upande mmoja gari lilizipenda, na za upande mwingine lilizikataa. Springi zina kola ya nyuzi, kama nati kubwa, unayoweza kuzungusha kupandisha au kushusha. Nilizungusha kidogo, tukapima, nikazungusha tena, mpaka miguu yote minne ikakanyaga kwa haki.

Springi laini zilizofaa tulizipata kwenye yadi ya vyuma chakavu, zikitoka kwenye kigari kidogo cha mizigo kilichooza bodi yote na kubaki na springi nzuri. Ouma alizitengenezea vikalio vipya. Gari likainuka upana wa vidole vitatu, nasi tukaazima mizani tena tukapima upya. Sasa alipokaa kwenye mkia lilishuka, likapanda, likatulia. Alikaa na kuinuka mara kadhaa bila sababu ya kiufundi. Nadhani alikuwa anafurahi.

Mtulinga ulipopona tulienda kwenye uwanja mtupu wa murami, ule udongo mwekundu wa kokoto, kufanya majaribio. Kabla ya kila mzunguko nilichora mistari ya chaki kwenye mabega ya matairi, pale uso unapokutana na ubavu. Gari likirudi, naangalia. Chaki ikifutika mpaka chini ubavuni, tairi linalala sana, ongeza upepo. Chaki isipoguswa kabisa begani, tairi limejaa mno na linakanyagia katikati tu, punguza. Ukiona imefutika mpaka begani na kuishia hapo, acha mikono yako mfukoni. Hamtapata njia rahisi kuliko hiyo. Atieno alikuwa akirudi ananiambia pua inakataa kuingia kona, au mkia unataka kumpita, nami nagusa kitu kimoja, anakwenda tena.

Matairi matatu yalikubali upesi. La nne, la nyuma kulia, chaki yake haikuguswa hata nilipopunguza upepo. Nikapima, geji ilikuwa sawa. Springi ilikuwa sawa. Nikasimama nikaangalia uwanja, nikaelewa. Tairi hilo hubeba gari kwenye kona za kushoto, na Atieno alikuwa anaachia pedali ya mafuta kila akikaribia kona ya kushoto. Hakuwa anajua kwamba anaachia.

Nilimngojea Ouma aende kuleta maji, nikamwambia Atieno. Aliweka mikono juu ya usukani.

"Nikiifikia," alisema, "nasikia ule mfupa."

"Mfupa siwezi kuusemea, Mama," nikamjibu. "Tairi naweza. Hilo halichomoki."

"Una hakika, Mzee?"

Nilitembea mpaka upande wa nje wa kona ya kushoto, mahali ambapo gari lingeangukia kama ningekuwa nimekosea, nikasimama. Ninyi msifanye hivyo. Ni upuuzi, kuna njia nyingi za busara za kumtia mtu moyo, na mke wangu akisoma hapa nitajieleza. Lakini nilisimama. Atieno aliwasha, akaja. Nilisikia injini ikifika mahali alipozoea kuachia, na haikuachia. Gari liliinama kidogo, likashika, likapita mbele yangu likinimwagia vumbi na kokoto mpaka kwenye meno. Nilipofika kwenye gari chaki ilikuwa imefutika mpaka begani, ikaishia hapo. Atieno alikuwa analia na kucheka. Ouma alirudi na maji akauliza kumetokea nini. Tukamwambia tairi la nne limekubali.

Mbio zilizofuata za Awasi ziliangukia siku zangu za mwisho kazini. Ni shamba lilelile, na waandaaji walikuwa wameacha kona ya mtaro palepale. Magari yalikuja kutoka mbali, mengine yakivutwa na magurudumu yote manne, yenye mafundi wenye sare. Sisi tulikuwa watatu na turubai.

Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mweusi wa uwanda huo wa Kano ukilowa hauna rafiki. Mzunguko wa kwanza Atieno alikwenda kwa uangalifu tu, akarudi na uso uliotapakaa matope, akanieleza kila kona ilivyo. Halafu jua likatoka. Nikapima nikakuta matairi ya upande wa jua yamepanda upepo na ya kivulini hayajapanda, ingawa nilikuwa nimeyalinganisha asubuhi. Tuligeuza gari, tukayafunika magunia, nikangoja yapoe ndipo nikaamini geji. Mzunguko wa pili alikuwa miongoni mwa wa mbele. Watu walianza kuja kutazama gari dogo lisilo na paa.

Yule dereva mzoefu wa mwaka ule naye alikuja, akamsalimu Atieno vizuri, akampa pole za zamani. Akaona gari bado linacheza kidogo kwenye mabonde, akashauri tena kutoa upepo. Atieno alimshukuru.

"Lakini leo sitatoa, Baba," akasema. "Leo upepo una mwenyewe."

Kabla ya mzunguko wa mwisho njia ilikuwa imekauka juu na kuwa na vumbi legevu. Atieno alisema mkia unachelewa kutulia baada ya kona ya mtaro. Nilijua kupunguza upepo kungemsaidia kidogo, na nilijua pia ni kwa nini sitafanya hivyo. Nililegeza shokabsoba za nyuma hatua moja. Upepo sikuugusa. Ouma alizunguka kizimba chake akigonga kila kiungo kwa kidole, akafunga mikanda ya mkewe, akaenda kusimama peke yake mkabala na mtaro.

Niliposikia anaondoka sikuweza kutazama, kwa hiyo nilisikiliza. Kona za kwanza zilikwenda kama wimbo ninaoujua. Kwenye njia nyoofu ya katikati alikanyaga mpaka mwisho. Ilipofika kona ya mtaro nikainua macho. Gari liliingia likiwa limelala begani, tairi la nyuma kulia limebeba kila kitu tulichokuwa nacho, na moshi wa vumbi ukapanda mrefu nyuma yake. Halikuruka wala kusita. Lilitoka upande wa pili limenyooka, na kabla vumbi halijatua Atieno alikuwa ameshavuka mstari.

Kipaza sauti kilisoma saa yake. Kisha mtangazaji akaisoma tena polepole, akasema huo ndio mzunguko wa kasi kuliko yote ya siku, magari yote, madaraja yote. Magari makubwa yaliyobaki yalijaribu kuushusha. Hakuna lililoweza. Mafundi wenye sare walikuja wakalala chini kutazama springi zetu za kigari cha mizigo, nami nikawaacha waangalie kadiri wapendavyo. Ouma alikuja kutoka mtaroni akikimbia, mtu mwenye mwili ule, akamtoa mkewe kwenye kiti na kumwinua juu mbele ya watu. Atieno alimwambia amshushe, ana mtulinga. Hakumshusha. Mzee Okelo alipopewa habari kwa simu alicheka kwa sauti, kitu ambacho sikuwahi kukisikia miaka yote niliyofanya kazi chini yake.

Waandaaji wakampa mshindi mzunguko mmoja wa heshima. Atieno akanionyesha kiti cha pili. Nilikataa, nikisema mimi ni mtu wa chini ya gari. Ouma akanivalisha helmeti kwa nguvu na kunikaza mikanda.

Hatukwenda kwa heshima hata kidogo. Maisha yangu yote nilikuwa nimelijua gari likiwa limesimama, na hapo kwa mara ya kwanza nilisikia kazi yangu ikifanya kazi. Kila bonde springi zilimeza na kurudisha, matairi manne yakishika udongo kila moja kwa zamu yake, na yote hayo yakinijia mgongoni waziwazi. Tulipoingia kona ya mtaro mwili wangu wote ulisukumwa kwa Atieno, mtaro ukapita upande wake, na tairi likashika. Nilijikuta napiga kelele kama mtoto. Tulipokaribia mstari mtu wa bendera alikuwa ameshaiinua kutuonyesha kwamba inatosha. Atieno akanigeukia kuuliza. Nikamwonyesha kwa kidole mbele, tuendelee.